UZI: There's a Riot Goin' On ya Sly and the Family Stone – wahakiki wa 1971 walisikia vizuri kuliko sisi

sahani_mbili (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Tangu Sly Stone afariki Juni 2025 akiwa na miaka 82, kila ukurasa wa muziki ninaofungua nakutana na hadithi ileile: albamu yake ya 1971 haikueleweka ilipotoka, wahakiki wakaiponda, miaka ikapita, dunia ikaamka na kugundua kumbe ni dhahabu. Hadithi tamu, ila imenichosha. Naleta uzi huu kuipinga.

Kwanza kwa wadogo zangu ambao fanki, ule muziki wa weusi wa Marekani wenye besi nzito, kwao inaanzia kwa Bruno Mars. Sly, jina la nyumbani Sylvester Stewart, alikuwa mtangazaji wa redio KSOL kule San Francisco kabla ya kuunda kundi lake katikati ya miaka ya 60. Kaka yake Freddie kwenye gitaa, dada yake Rose kwenye kinanda, Cynthia Robinson kwenye tarumbeta, Jerry Martini kwenye saksafoni, Greg Errico kwenye ngoma, Larry Graham kwenye besi. Weusi na weupe, wanawake na wanaume, na wanawake wale hawakuwekwa pale kuitikia tu, walipiga vyombo. Kwa Marekani ya miaka ile hilo lilikuwa jambo zito. Wakatoka na Dance to the Music, Everyday People ikashika namba moja mwanzoni mwa 1969, albamu ya Stand! ikafuata mwaka huohuo, Agosti wakaliamsha tamasha la Woodstock usiku wa manane. Kufikia hapo Sly alikuwa ndiye mtu wa furaha wa taifa zima.

Halafu kimya. Miaka miwili na zaidi bila albamu mpya. Kampuni ya Epic ikabidi itoe Greatest Hits mwaka 1970 ili watu wawe na kitu cha kununua. Mwenyewe kahamia Los Angeles, kokeini imeingia nyumbani, maonyesho anachelewa au haonekani kabisa. Julai 1970 pale Grant Park, Chicago, umati uliokuwa ukiwasubiri ukaanza vurugu na polisi kabla kundi halijapanda jukwaani. Magazeti yakambebesha yeye lawama.

Novemba 1971 albamu inatoka. Ndani yake hakuna kushangilia. Sauti zimefifia, ngoma za mashine, Sly ananong'ona na kuguna kama mtu uliyempigia simu usingizini. Wimbo uliobeba jina la albamu umeandikwa kwenye jalada kuwa una urefu wa 0:00. Yaani haupo.

Sasa twende kwenye hoja. Vince Aletti alipoihakiki kwenye jarida la muziki la Rolling Stone mwishoni mwa 1971, alieleza wazi kwamba mwanzoni aliichukia kwa unyonge wake na kukosa nguvu, na kwamba bado hayapendi mambo hayo mawili, ila ameanza kuuheshimu ukweli uliomo ndani. Someni tena hapo. Huyo jamaa hakukosa kuielewa. Aliielewa, ikamuuma, akaandika kwamba imemuuma. Leo hii jarida hilohilo limeipanga namba 82 kwenye orodha yake ya albamu 500 ya mwaka 2020 (orodha ya 2003 ilikuwa namba 99), kila mtu anaiita kazi bora kabisa, na hakuna hata mmoja anayekiri kwamba kuisikiliza mwanzo mpaka mwisho ni kazi ngumu.

Nasema hivi: mhakiki aliyekereka na albamu hii ameisikia. Anayeiita "lulu" bila kukereka popote amesoma orodha tu.

Naomba kuwasilisha.


Fundi Redio

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.


BintiMkwaja

Mleta uzi, sehemu ya kwanza nakuunga mkono, hitimisho hapana. Unataka kuniambia albamu ikipendwa sana inakuwa haijasikika? Mimi naipenda hii kuliko Stand! na sijawahi kusoma orodha yoyote. Runnin' Away ndio wimbo ninaopikia. Ule mdundo mwepesi, tarumbeta tamu, mnyororo wa "ha ha" na "hi hi". Uniambie pale kuna ugumu gani.


sahani_mbili

@BintiMkwaja umechagua wimbo ambao ni mtego. Msikilize Sly anachokicheka. Anamcheka mtu anayekimbia matatizo yake na viatu vinamwishia miguuni. Kicheko kile ni cha kejeli, na mimi naamini anajicheka mwenyewe. Utamu ndimo ilimofungwa dawa.


BintiMkwaja

Najua anachokisema, dada yako siyo kiziwi 😂. Nasema uchungu na utamu vinakaa chungu kimoja. Wewe umeweka mezani uchungu peke yake, kisha unawalaumu waliopenda utamu.


Nyuzi Nne

Napiga besi kwenye bendi ya hoteli, kwa hiyo niruhusuni niongee upande wa mafundi, maana mnabishana maneno ya nyimbo na hii albamu jibu lake liko kwenye sauti.

Chukueni Family Affair, vaeni spika za masikioni. Kinachoanza ni kimashine kinachogonga tik, tik-tik, tik. Kinaitwa Maestro Rhythm King. Vimashine vya aina hii vilitengenezwa kwa ajili ya mpiga ogani anayepiga peke yake sebuleni au baa ndogo: unabonyeza samba inapiga samba, unabonyeza rumba inapiga rumba. Hakuna mwanamuziki wa maana aliyekiheshimu. Greg Errico aliondoka kwenye kundi 1971, na Sly badala ya kuhangaika na mpiga ngoma mwingine akawa anakiwasha hiki, mara nyingine anapiga ngoma halisi juu yake. Ndiyo maana mdundo unayumba: mashine haipumui, binadamu anapumua, na wote wawili wako chumba kimoja.

Kisha inaingia gitaa ya wah-wah, kinanda cha umeme cha Billy Preston, na besi anayopiga Sly mwenyewe. Gitaa wanamtaja Bobby Womack. Katika Family Stone yenyewe, kwenye wimbo huo waliosikika ni Sly na Rose tu. Wimbo wa mambo ya kifamilia, na Family nusu nzima haipo. Ulikaa namba moja Marekani wiki tatu Desemba 1971. Ni kati ya nyimbo za mwanzo kabisa kufika namba moja zikiwa na mashine ya ngoma.

Halafu ule ukungu. Sly alikuwa anarekodi, anafuta, anarekodi tena juu ya tepu ileile, usiku na mchana, sehemu kubwa nyumbani kwake Bel Air, kwenye jumba alilolikodi kwa John Phillips wa kundi la The Mamas and the Papas. Tepu ya sumaku kila inapopita kwenye kichwa cha mashine inapoteza chembe zake, na zinazotangulia kwenda ni zile sauti kali za juu. Ikawa kama kanga iliyofuliwa mpaka maua yamefifia. Ile "shhhh" mnayoisikia nyuma ya Just Like a Baby ndio tepu yenyewe inachakaa.

Mhakiki wa 1971 alikuwa amezoea Stand! yenye sauti kali, safi, kila mtu anaimba mbele ya maikrofoni. Ukimpa hii ataona imerekodiwa hovyo. Na kiufundi ni kweli imerekodiwa hovyo. Fundi yeyote wa studio angekuambia rudia.


sahani_mbili

@Nyuzi Nne mkuu hii ndiyo ilikuwa inakosekana kwenye uzi. Nakupa tano.


mkaa_pwani

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi wa Dar mwatulia na wahakiki wa magazeti ya weupe, lakini swali langu ni hili: nani alikuwa anainunua? Albamu ilifika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard na namba moja kwenye chati ya soul vilevile. Family Affair ikakaa wiki tano juu kwenye chati ya soul. Kwa hiyo hii habari ya "haikueleweka" haikueleweka na nani? Watu weusi wa Oakland na Chicago walikuwa wanaisikiliza redioni kila siku. Hawakungoja Rolling Stone iwatafsirie.

Na ile hadithi ya pili inayorudiwa na waandishi, kwamba albamu hii ni "maziko ya miaka ya sitini", yaani ya ile ndoto ya amani na upendo, pia mimi naiona ni hadithi ya kijana mweupe wa San Francisco aliyevaa maua kichwani halafu maua yakanyauka. Martin Luther King ameuawa 1968. Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, ameuawa na polisi akiwa kitandani, Desemba 1969, Chicago hiyohiyo. Kwa weusi hakukuwa na sherehe ya kuzikwa.


BintiMkwaja

Haya sasa. Mkaa_pwani umepiga penyewe.


sahani_mbili

@mkaa_pwani kuhusu mauzo nakubali moja kwa moja, na inasaidia hoja yangu: haikuwa albamu iliyopotea chini ya meza ikaokotwa miaka ya 90. Ila sikubali kwamba hadithi ya maziko ni ya weupe peke yao. Sly mwenyewe ndiye aliyekuwa sura ya ile ndoto ya kuchanganyika. Kuna simulizi iliyorudiwa mara nyingi, chanzo kikiwa watu wake wa karibu akiwemo meneja wake David Kapralik, kwamba Black Panther walimtaka awatoe weupe kwenye kundi na amtoe Kapralik. Huku kampuni inataka kibao kipya cha kuchezeka. Katikati yuko mtu mmoja chumbani na unga wake. Hata kama uchovu wa albamu hii haukuwa wa taifa, ulikuwa wake.

Mhakiki Greil Marcus ndiye aliyeisogeza hii albamu kwenye habari za taifa, kwenye kitabu chake Mystery Train cha 1975. Alimweka Sly meza moja na Elvis Presley na Robert Johnson, akamlinganisha na hadithi ya Staggerlee, yule mweusi jeuri wa nyimbo za kale anayeua na haogopi mtu. Kuna mahali anaielezea sauti yake kama muziki wa lifti ulioweka kidole kwenye kifyatulio cha bunduki. Ni uhakiki mzuri kupita kiasi. Tatizo ni kwamba baada yake kila anayeandika anamwandika Marcus, haiandiki albamu.


mkaa_pwani

Hapo tumekutana.


Kinanda Kizee

Wanangu, shikamooni nitaipokea baadaye. Niongeze moja la huku kwetu, maana mnaongea kana kwamba soul ilikuwa ya Marekani tu.

Dar es Salaam vijana tulikuwa tunaijua soul vizuri. James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett, sahani zilikuwa zinakuja. Novemba 1969 uongozi wa mkoa ukatangaza kupiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za jiji. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maadili na utamaduni wa taifa, wasichana wa shule kwenda madansini na kadhalika. Barua kwenye magazeti zilikuwa za moto pande zote mbili. Kuna waliouliza kama muziki wa watu weusi wa Marekani unawezaje kuwa ukoloni. Kwa hiyo mjue, wakati Sly anamaliza mwaka wa Woodstock, hapa kwetu muziki wa ndugu zake unafungiwa mlango. Albamu hii ya 1971 mimi niliikuta baadaye kabisa kwa mtu aliyetoka Nairobi.

Na Nairobi walikuwa na yao. Kundi la Matata lilikwenda London likatoa albamu ya Air Fiesta mwanzoni mwa miaka ya 70, fanki hiyohiyo. Tafuteni.

Maoni yangu kuhusu albamu: upande wa pili mzuri kuliko wa kwanza. Yule Sly anapopiga kelele za wachunga ng'ombe wa milima ya Ulaya kwenye Spaced Cowboy nilicheka mpaka mama watoto akaja kuangalia.


BintiMkwaja

Shikamoo mzee. Na asante kwa Matata, naenda kutafuta sasa hivi.


Fundi Redio

Shikamoo. Hii ya marufuku ya 1969 ianzishiwe uzi wake jamani, ni mada nzima.

Mimi naomba kueleweshwa kitu kimoja. Kuna nyimbo mbili zina Afrika kwenye jina: Africa Talks to You na Thank You for Talkin' to Me, Africa. Afrika gani hiyo? Nimesikiliza zote sijaona Afrika popote.


sahani_mbili

@Fundi Redio swali zuri na wengi wanalikwepa. Inaelezwa kwamba albamu nzima ilikuwa iitwe Africa Talks to You, kisha Marvin Gaye akatoa albamu ya What's Going On mwezi Mei 1971, na jina la Sly likageuzwa likawa kama jibu la swali la Marvin: "Kuna nini?" "Kuna vurugu."

Kimuziki Afrika iko kwenye umbo. Africa Talks to You inakwenda karibu dakika tisa kwenye mdundo mmoja, hakuna kupanda wala kushuka, gitaa zinajibizana na kuachiana nafasi. Mtu aliyekulia kwenye sebene hashangai kukaa dakika tisa mahali pamoja. Mhakiki wa roki wa 1971 aliyezoea wimbo wenye mwanzo, katikati na kilele, yeye ndiye aliyekuwa anatazama saa.

Ila maneno yake sitayapamba. Hakuna siasa ya Afrika mle. Ni mtu anajisikia kuitwa na mahali ambapo hajawahi kufika.


Nyuzi Nne

Na ule wa mwisho, Thank You for Talkin' to Me, Africa, ndio ufunguo wa albamu nzima kwa mpiga besi. Maana siyo wimbo mpya. Ni Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin), ileile iliyoshika namba moja Februari 1970, ile ambayo Larry Graham anapiga nyuzi kwa kidole gumba na kuzivuta mpaka zinalia "paa". Kila mpiga besi duniani kaiiba hiyo, na mimi ni mmojawapo, watalii wanaomba kila wiki.

Sasa hapa wameichukua wakaishusha mwendo, wakainyoosha dakika saba na zaidi. Maneno yaleyale ya kushukuru. Ila kwenye ile ya kwanza anashukuru watu wanacheza, kwenye hii anashukuru kama mtu anayeomba aachwe aende kulala. Siku moja tulijaribu kuipiga bendi yetu mwendo huo wa pole hotelini. Dakika ya tatu mpiga ngoma wetu akaanza kukimbiza bila kujua, mwili wake umekataa. Meneja naye akaja kuuliza kama kuna mtu anaumwa.

Hapo ndipo nilipoheshimu kazi ile. Kupiga pole namna hiyo bila kuanguka kunataka nidhamu kubwa. Watu wanasema Sly alikuwa amelewa tu akabahatisha. Mlevi habahatishi dakika saba.


mkaa_pwani

Nyuzi Nne, hii nayo iingie kwenye uhakiki. Hao wa magazeti hawajawahi kupiga hata njuga.


mdau_mpya77

Binafsi naona mnaikuza. Nimeisikiliza jana kwa sababu ya uzi huu. Nyimbo nne nzuri: Family Affair, Runnin' Away, Smilin', na ule wa kwanza Luv n' Haight. Zilizobaki ni mtu anazugazuga studio. Mhakiki Robert Christgau kaipa A+ sijui kwa kigezo gani. Ingekuwa ni kundi lisilo na jina mngeizima.


sahani_mbili

@mdau_mpya77 karibu, na usitoroke, wewe ndiye mtu niliyekuwa namtafuta 😂. Umeisikiliza, imekuchosha, umesema. Huo ndio uhakiki wa Aletti wa 1971.

Nakuuliza moja tu. Luv n' Haight umeitaja kuwa nzuri, na ndiyo yenye mdundo wa kuinua watu. Umesikia anachoimba pale mwanzo? Anasema anajisikia vizuri ndani yake kiasi kwamba hataki kusogea. Kibao cha kucheza, mwimbaji hataki kusogea. Ukishaiona hiyo, zile nyimbo "za kuzugazuga" zinapata maana, kwa sababu kuanzia hapo anazidi kukataa kusogea mpaka ule wimbo wa mwisho aliousema Nyuzi Nne.


mdau_mpya77

Nimekuelewa, ila kuelewa siyo kupenda. Poet na Time bado naziruka.


BintiMkwaja

Time usiiruke jamani! Sauti yake pale iko uchi kabisa, mashine inagonga taratibu, kinanda kinaokota noti mojamoja. Ile ndiyo roho ya albamu, siyo hizo zenu ndefu za Afrika.


Kinanda Kizee

Miles Davis mwaka uliofuata akatoa On the Corner, ana Sly na James Brown kichwani, na wahakiki wa jazi wakamshukia kama mvua ya masika. Herbie Hancock 1973 kwenye Head Hunters akaweka wimbo mzima unaitwa Sly. Wanamuziki walikuwa wameshaelewa zamani.


sahani_mbili

@Kinanda Kizee na hapo ndipo ninapotaka tuishike hoja, mzee. Uhakiki wa kwanza wa albamu hii ulipigwa, haukuandikwa. Miles, Hancock, na baadaye Prince na D'Angelo kwenye albamu yake ya Voodoo mwaka 2000, wote waliuchukua ule uchovu wa tepu na mdundo unaochelewa wakaufanya mtindo. Orodha za magazeti zilifuata nyuma yao.


mdau_mpya77

Voodoo naipenda sana. Kwa hiyo unasema nirudie Poet?


Nyuzi Nne

Rudia, ila usitumie spika ya simu. Poet bila besi ni mtu anasema na ukuta.


BintiMkwaja

Na Time, mara mbili.